Taji Haliliwi: Althea Gibson na Bei ya Kuwa wa Kwanza

Mwenyekiti, walimu wa michezo, wazazi mliokuja na watoto wenu, na ninyi vijana ambao raketi zenu naziona zimeegemezwa kwenye viti: asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya bingwa mmoja wa kike wa tenisi. Najua wengi mlitarajia nije na Serena Williams. Serena hahitaji wakili. Mimi nimekuja na Althea Gibson, na nimemchagua kwa sababu moja. Kila anapotajwa, jina lake hufuatwa na orodha ile ile: mtu mweusi wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam, yaani la mojawapo ya mashindano manne makubwa ya tenisi, Paris 1956; wa kwanza kutwaa Wimbledon kwa mmoja mmoja, 1957; wa kwanza kutwaa ubingwa wa Marekani, mwaka huo huo. Orodha ni ya kweli. Lakini imezoeleka mno, na ina kasoro kubwa: haituambii nani aligharamia. Leo nataka tufuate gharama.

Althea alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 huko Silver, kijiji cha South Carolina. Wazazi wake, Daniel na Annie Bell, walilima pamba kwenye ardhi isiyo yao na kugawana mavuno na mwenye shamba. Katika mpango wa namna hiyo, mwaka ukiwa mbaya, mkulima ndiye anayebaki na deni. Miaka ikawa mibaya kweli, na Althea akiwa bado mtoto mdogo familia ikahamia Harlem, New York, pamoja na maelfu ya watu weusi waliokuwa wakiyakimbia majimbo ya kusini.

Kama mnangoja habari za mtoto mtiifu aliyeamka alfajiri kufanya mazoezi, samahani. Althea alikuwa mtoro wa kupindukia. Shule ilikuwa upande huu, yeye yuko upande ule, sinemani au kwenye treni za chini ya ardhi akizunguka jiji. Baba alimchapa, haikusaidia. Baba huyo huyo akamfundisha kupigana ngumi, maana mitaa ile haikumhurumia msichana asiyejua kujitetea.

Bahati yake ilikuwa mtaa wenyewe. Barabara ya 143, walipokaa, ilikuwa miongoni mwa barabara zilizofungwa mchana zisipite magari ili watoto wapate pa kuchezea, chini ya mpango wa michezo wa polisi wa jiji. Pale lami ilichorwa mistari ya mchezo unaofanana na tenisi, ila uwanja ni mfupi na badala ya raketi yenye nyuzi unashika kibao cha mbao. Althea alikaa na kile kibao mpaka mwaka 1939, akiwa na miaka 12, akawa bingwa wa wanawake wa jiji zima la New York katika mchezo huo.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa kwanza katika hesabu yetu. Buddy Walker alikuwa mwanamuziki, na majira ya joto alisimamia michezo ya watoto mtaani. Alimwona msichana huyu mrefu, akaona mkono unavyokwenda, akamnunulia raketi za mtumba. Kisha akampeleka Cosmopolitan, klabu ya tenisi ya watu weusi wa Harlem wenye nafasi kidogo, na wanachama wakachangishana kumlipia ada na mafunzo. Mwalimu wake pale alikuwa Fred Johnson, mtu mwenye mkono mmoja. Wana Cosmopolitan walikuwa watu wa nidhamu: nguo nyeupe, salamu kabla na baada ya mchezo, huchukii ukifungwa. Althea alitaka kupiga mpira tu. Iliwachukua muda kuelewana.

Lazima niwaeleze jambo moja, vinginevyo yanayofuata hayataeleweka. Tenisi ya Marekani wakati huo ilikuwa nyumba mbili. Chama kikubwa cha tenisi kiliendesha mashindano ya taifa, na kwenye mashindano hayo hapakuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Watu weusi wakaanzisha chama chao mwaka 1916, American Tennis Association, wenye midomo ya haraka wakikiita ATA. Kilikuwa na mabingwa wake, vikombe vyake, na wafadhili wake, wengi wao madaktari na walimu. Mwaka 1946, kwenye fainali ya wanawake ya ATA, Althea alifungwa. Walikuwapo madaktari wawili wakitazama: Hubert Eaton wa Wilmington, North Carolina, na Walter Johnson wa Lynchburg, Virginia. Wengine walimwona msichana aliyepoteza mechi. Wao waliona kitu kingine, wakampa ofa: wakati wa shule ukae kwa Eaton, likizo ya majira ya joto ukae kwa Johnson, chakula na mavazi na raketi juu yetu, ila sharti urudi shule.

Alikuwa na miaka 19. Fikirieni msichana wa miaka 19, aliyezoea kulala na kuamka apendavyo Harlem, akaketi darasani na wadogo zake, tena kusini, ambako kwenye basi mtu mweusi alilazimishwa kukaa viti vya nyuma. Alisita. Aliyemsukuma kukubali ni rafiki yake, bondia Sugar Ray Robinson, ambaye alimwambia kwa ufupi kwamba bila shule hatafika popote. Akaenda. Akamaliza sekondari mwaka 1949, akapata ufadhili wa Chuo Kikuu cha Florida A&M, akahitimu 1953. Na kwenye ATA, tangu 1947 mpaka 1956, hakuna mwanamke aliyemwondoa kwenye ubingwa: mataji 10 mfululizo.

Sasa nyumba ile nyingine, ya chama kikubwa. Mtego wake ulikuwa wa kistaarabu sana. Hakuna karatasi iliyosema mtu mweusi haruhusiwi kucheza Forest Hills, kwenye ubingwa wa taifa. Walisema tu kwamba lazima kwanza aonyeshe uwezo kwenye mashindano makubwa ya viwanja vya nyasi. Mashindano hayo yakichezwa wapi? Kwenye klabu binafsi. Unaingiaje? Kwa mwaliko. Nani anaalika? Klabu. Kwa hiyo hukatazwi na mtu yeyote, na huingii.

Aliyeuvunja mtego huo hadharani alikuwa mzungu, Alice Marble, bingwa wa zamani wa Wimbledon na wa Marekani. Julai 1950 aliandika kwenye jarida la American Lawn Tennis, jarida lililosomwa na watu wale wale wa klabu, kwamba kama tenisi ni mchezo wa mabibi na mabwana waungwana, basi ni wakati tufanye mambo ya kiungwana, tuache unafiki. Aliongeza kwamba Althea asipopewa nafasi, aibu itakuwa ya mchezo wenyewe. Hakudai Althea ni bora kuliko wengine. Alidai apewe uwanja, ashinde au afungwe. Klabu moja ya South Orange, New Jersey, ikafungua mlango, na muda si mrefu mwaliko wa Forest Hills ukatoka.

Naomba nikae kidogo kwenye mechi ya Forest Hills, kwa sababu naipenda kuliko zote alizoshinda, na hii alifungwa.

Agosti 1950. Althea ametimiza miaka 23. Raundi ya kwanza anamfunga Barbara Knapp 6-2, 6-2, yaani gemu sita kwa mbili katika kila seti; anayetangulia kushinda seti mbili ameshinda mechi. Raundi ya pili anakutana na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon kwa miaka mitatu mfululizo. Seti ya kwanza Althea ana woga, mipira inaruka nje, anafungwa 6-1. Seti ya pili anatulia. Anaanza kufanya alichojaliwa: urefu wa karibu sentimita 180, mpira wa kuanzia unaotoka juu kwa nguvu, kisha hatua mbili tatu yuko wavuni, mikono mirefu inaziba kila njia. Anashinda 6-3. Seti ya tatu wanakwenda bega kwa bega, na miongoni mwa watazamaji wapo wanaopiga kelele za matusi. Althea anaongoza 7-6. Wakati huo seti haikuamuliwa kwa gemu moja maalumu ya mwisho, tie-break, kama mnavyozoea leo. Mlicheza mpaka mmoja awe mbele kwa gemu mbili. Kwa hiyo gemu moja tu na bingwa wa Wimbledon yuko nje.

Mbingu zikafunguka. Mvua ya radi, na radi ikapiga sanamu ya tai ya mawe iliyokuwa juu ya ukuta wa uwanja, ikaanguka chini. Mechi ikaahirishwa mpaka kesho yake.

Kila mchezaji hapa anajua usiku wa namna hiyo. Unalala ukiwa na ushindi mkononi, na ubongo hautaki kunyamaza. Asubuhi wamerudi uwanjani, waandishi na wapiga picha wamemzonga kuanzia anapoingia. Brough ana uzoefu wa fainali nyingi. Dakika chache tu, gemu tatu mfululizo, 9-7, mchezo umekwisha.

Sasa kama mwaweza kutazama habari ile kwa jicho la kocha, miaka iliyofuata haitawashangaza. Mlango ulifunguka mwaka 1950, lakini kombe kubwa la kwanza lilikuja 1956. Katikati pale Althea alishuka kiwango, akafundisha elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Lincoln, Missouri, kwa mshahara wa kawaida, na alikuwa amekaribia kuiacha tenisi ajiunge na jeshi. Watu wa hotuba hupenda kuruka miaka hii. Mimi nadhani ndiyo inayomfaa kijana kuijua: alikuwa maarufu, na hakuwa na kodi ya nyumba.

Mwaka 1955 wizara ya mambo ya nje ya Marekani ikamweka kwenye timu ya wachezaji wanne waliozungushwa Asia kwa safari ya kirafiki. Serikali ilikuwa na sababu zake. Dunia ilikuwa ikisoma habari za ubaguzi wa Marekani, na mchezaji mweusi anayetabasamu alikuwa tangazo zuri. Althea naye alikuwa na sababu zake: alipata kucheza wiki baada ya wiki bila kufikiria nauli. Akatoka huko mchezaji mwingine. Mei 1956 akashinda Ubingwa wa Ufaransa, akimfunga Angela Mortimer wa Uingereza kwenye fainali, 6-0, 12-10.

Na Paris ndiko alikoshirikiana na Angela mwingine, Angela Buxton. Lishikeni jina hili. Buxton alikuwa Mwingereza Myahudi. Klabu za kwao nazo zilikuwa na namna yao ya kutomwona. Wachezaji wengine walikuwa na wenza wa kucheza nao wawili wawili. Hawa wawili hawakuwa nao. Wakaungana, wakatwaa kombe la Paris, kisha wakaenda wakatwaa la Wimbledon.

Tarehe 6 Julai 1957, siku ya joto kali, Althea alimfunga Darlene Hard 6-3, 6-2 na kupokea sahani ya Wimbledon kutoka mikononi mwa Malkia Elizabeth II. Siku chache baadaye New York ikampa gwaride la Broadway, karatasi zikimwagwa kutoka madirishani. Kabla yake Mmarekani mweusi pekee aliyekuwa amepata heshima hiyo alikuwa mwanariadha Jesse Owens. Septemba akarudi Forest Hills, na kwenye fainali nani yuko ng'ambo ya wavu? Louise Brough. Safari hii haikunyesha. 6-3, 6-2. Mwaka 1958 akatetea mataji yote mawili. Ukijumlisha na ya wawili wawili na ya mchanganyiko wa mwanamume na mwanamke, alimaliza na mataji 11 ya Grand Slam.

Akiwa na miaka 31, namba moja duniani, akaacha.

Aliacha kwa sababu ya njaa, ndugu zangu. Tenisi yote kubwa wakati huo ilikuwa ya ridhaa. Mchezaji alilipiwa nauli na malazi, akapewa kikombe, basi. Ukipokea hela ya zawadi, unafungiwa Wimbledon na Forest Hills maisha. Viti vilijaa, tiketi ziliuzwa, na aliyefanya watu wanunue tiketi alirudi nyumbani na kikombe cha kung'arisha kabatini. Wachezaji kutoka familia tajiri hawakuona tatizo. Binti wa mlima pamba aliliona kila mwisho wa mwezi. Mwenyewe alisema kuwa bingwa ni jambo jema, lakini taji haliliwi.

Akajaribu kila kitu. Aliimba, akatoa santuri. Aliigiza kwenye filamu pamoja na John Wayne, na alipopewa maneno ya mtumwa yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha dhihaka, alikataa kuyatamka, yakabadilishwa. Alizunguka na timu ya mpira wa kikapu ya Harlem Globetrotters akicheza tenisi ya maonyesho kabla ya mechi zao. Hapo angalau alilipwa. Halafu akageukia gofu, na mwaka 1964 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kucheza kwenye mzunguko wa wanawake wa kulipwa. Kuna klabu zilizomruhusu kucheza kwenye nyasi zao na kumkataza kuingia ndani, kwa hiyo bingwa mara mbili wa Wimbledon alibadilisha viatu garini.

Hapa niseme neno kuhusu lawama moja. Magazeti ya watu weusi ya wakati wake yalimkosoa kwamba hasemi vya kutosha juu ya ubaguzi, hafanani na Jackie Robinson, mchezaji mweusi wa besiboli. Yeye alijibu kwamba ni mchezaji, si mwanaharakati, na anayependa kumwona kama bendera ni shauri yake. Nimewasikia watu wakimlaumu mpaka leo. Mimi sikubaliani nao. Robinson alikuwa na timu nzima na mwenye timu nyuma yake, na mshahara. Tenisi unasimama peke yako, na Althea alikuwa hana timu wala mshahara. Kumtaka pia abebe mabango ilikuwa ni kumwongezea mzigo mtu ambaye hamkumchangia nauli.

Uzeeni mambo yaliharibika. Alipata kiharusi, dawa zikawa ghali, akiba ikakauka, akajifungia nyumbani kwake East Orange, New Jersey. Mwaka 1995 alimpigia simu Angela Buxton, yule yule wa Paris, akamwambia kwamba ameshindwa na hataki tena kuishi. Buxton hakutoa ushauri wa simu akakata. Alituma fedha zake, kisha akafanya ichapishwe barua kwenye jarida la Tennis Week ikieleza hali ya bingwa huyu. Michango ikaanza kufika kutoka nchi mbalimbali, hadi ikakaribia dola milioni 1. Althea aliishi miaka mingine minane, akafariki tarehe 28 Septemba 2003.

Mtauliza, kilichobaki ni nini? Watu hutaja sanamu, na ni nzuri, ipo Flushing Meadows, New York, kwenye uwanja wa US Open, jina la sasa la ubingwa wa Marekani, tangu 2019, miaka 16 baada ya kuzikwa. Mimi naanzia kwenye uwanja wa nyumbani kwa Daktari Johnson, Lynchburg. Baada ya Althea, daktari yule aliendelea kukusanya watoto weusi kila majira ya joto, na mmoja wao alikuwa mvulana mwembamba wa Richmond, Arthur Ashe. Mwaka 1968 Ashe alishinda US Open ya kwanza ya zama za wazi, yaani wachezaji wa kulipwa nao wakiruhusiwa, ile ambayo sasa ilitoa fedha. Zawadi ya mshindi ilikuwa dola 14,000, na Ashe hakuipata, kwa sababu bado alikuwa amesajiliwa kama mchezaji wa ridhaa. Ikaenda kwa Tom Okker, aliyefungwa na Ashe kwenye fainali. Virginia Wade, bingwa wa wanawake, akalipwa dola 6,000. Althea mwaka ule alitimiza miaka 41. Mlango wa fedha ulifunguliwa miaka kumi baada ya yeye kutoka.

Kisha ukimya mrefu. Kutoka taji lake la 1958, Mmarekani mweusi mwingine wa kike kutwaa Grand Slam ya mmoja mmoja alikuwa Serena, US Open ya 1999. Miaka 41. Kwa hiyo wanaosema Althea alifungua mlango wengine wakapita, naomba wahesabu vizuri. Alifungua, na mlango ukarudi. Ilihitajika mtu mwingine wa kuushikilia kila kizazi, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mzazi, mwalimu au daktari mwenye uwanja nyuma ya nyumba.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. La mwisho ni dogo. Mwaka 2025 Marekani ilitoa sarafu ya robo dola yenye picha ya Althea akiwa na raketi. Mtu ambaye miaka yake yote ya ubingwa asingeruhusiwa kupokea senti moja uwanjani, sasa yuko kwenye senti 25, na kwa bei ya leo hazinunui hata mpira mmoja wa tenisi.

Asanteni. Vijana wenye raketi ndio waanze kuuliza maswali, wazee tutafuata.